Mistari minne

Ilikuwa yapata saa nane usiku. Kwenye skrini nilikuwa na madirisha mawili. La kushoto nilikuwa nimeingia kama mchezaji wa kawaida katika mchezo wangu wa maandishi, ambamo watu hukutana mtandaoni na kutenda kwa kuandika amri; la kulia nikifuatilia kwa `tail -f` logi ya seva, faili linaloandika yanayotokea mchezoni. Kila amri iliyoandikwa na mchezaji ilipanda pale, mstari mmoja baada ya mwingine. Kaskazini. Tazama. Chukua taa. Sema habari za usiku. Nilikuwa nawinda kosa lililokuwa limenikwepa kwa siku kadhaa, na macho yangu yalitafuta neno moja tu.

Neno lenyewe likatokea. Nong'ona.

Nikausoma mstari. Ukaja wa pili, nao nikausoma. Wa tatu. Wa nne.

Kwenye wa nne nikagutuka. Nilichokuwa nasoma hakikuwa amri tena. Mtu alikuwa anamfungulia mwenzake moyo usiku wa manane, katika chumba cha juu cha mnara wa taa nilioujenga kwa maneno yangu mwenyewe, akiamini kwamba mnarani wapo wawili tu.

Nikafunga dirisha la kulia.

Walichokuwa wakizungumza sitakiandika hapa wala popote. Nataka kuandika yaliyofuata, kwa sababu hii ni wiki ya saba na jambo hili bado linanikosesha usingizi.

## Dunia niliyoitafsiri

Msingi wa seva yangu ni Merc, msimbo wa lugha ya programu ya C wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliozaliwa na DikuMUD, kazi ya wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kuusimamisha si kazi kubwa. Unarekebisha mistari michache ambayo kompaila za leo, programu zinazougeuza msimbo uweze kuendeshwa, haziipendi, unaandika `make`, unaipa programu namba ya mlango, na dunia inaamka.

Kazi ilikuwa Kiswahili.

Merc hukubali amri iliyokatwa. Inashuka kwenye jedwali la amri kuanzia juu na kuchukua ya kwanza inayoanza na herufi ulizoandika. Kwa Kiingereza pande nne za dunia zina herufi nne tofauti. Sisi tuna kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Ukiandika k unakwenda kaskazini, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kwenye jedwali. Ukiandika m unakwenda mashariki. Ukiandika ma, bado ni mashariki. Katika wiki ya kwanza mchezaji mmoja alikuwa anakimbizwa na fisi, akaandika ma kwa haraka akidhani anatorokea magharibi, akaingia moja kwa moja kwenye pango walimolala fisi wengine. Mwishowe wachezaji wenyewe ndio waliopendekeza herufi zinazotofautisha: z, u, sh na g. Siku hizi vidole vyao vinazijua bila kufikiri.

Kisha zikaja ngeli.

Msimbo wa asili una kazi iitwayo `act()`, inayojaza nafasi zilizoachwa wazi ndani ya sentensi. Alama ya `$n` ni jina la mtendaji, `$p` ni kitu. Kwa lugha ya waandishi wake, sentensi moja ilitosha vitu vyote vilivyomo duniani. Kwetu kisu kimeanguka, jiwe limeanguka, taa imeanguka, mkuki umeanguka. Kwa mwezi mzima dunia yangu ilikuwa inawaambia watu "Jiwe kimeanguka", na kila nilipouona mstari huo niliumia kama mzazi anayesikia mwanawe akichekwa. Nikaongeza uga mmoja kwenye maelezo ya kila kitu, uga wa ngeli, kisha nikapitia vitu zaidi ya mia sita, kimoja kimoja, usiku baada ya usiku.

Upande mmoja lugha yetu ilinipa nafuu. Alama za `$e`, `$m` na `$s`, zilizowekwa ili seva ichague kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke, nilizifuta zote. Ameingia ni ameingia.

Naeleza haya ili ieleweke nilikuwa na uhusiano gani na mahali pale. Hapakuwa na mlango nisioujua. Nilijua ni jiwe gani liko chini ya ngazi ipi, na nilijua ngeli yake. Nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye mistari ile minne. Ukishajua kila kitu kilichomo katika dunia fulani, unaanza kuhisi kwamba kila kinachosemwa humo nacho ni chako kukijua.

## Alama iliyopinda

Kosa nililokuwa nalitafuta lilikuwa hivi: baadhi ya wachezaji walishindwa kunong'ona. Wengine waliweza bila shida. Aliyeshindwa alijibiwa "Sijakuelewa", akajaribu tena, akajibiwa vilevile. Jambo lililonichanganya zaidi ni kwamba mtu yuleyule aliweza mchana na kushindwa usiku.

Nikafanya ambacho mwendesha seva yeyote angefanya. Nikaandika `log all`, amri inayoifanya Merc iandike kwenye faili kila kitu ambacho kila mchezaji anakiingiza. Inachukua sekunde mbili. Nikaangalia siku mbili za mwanzo, sikuona kitu, kazi nyingine zikaniita.

Sikuizima.

Zilipita siku kumi na moja kabla sijairudia, usiku ule, baada ya mchezaji mwingine kulalamika. Na usiku uleule, kabla ya mistari minne kupita, jibu lilikuwa limeshapita mbele ya macho yangu. Mmoja alikuwa ameandika nong'ona, mwingine nongona, bila alama.

Zipo simu ambazo ukiandika king'ong'o chetu, ile ng yenye alama juu, zinaipindisha alama yenyewe ili ipendeze. Alama iliyonyooka ni baiti moja. Iliyopinda ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Na Merc, iliyoandikwa enzi ambazo namba za herufi ziliishia 127, inakitupa kimyakimya chochote kilichozidi hapo. Mchezaji anaona ameandika neno lililo sahihi. Seva inapokea nongona, inaitafuta kwenye jedwali, haioni. Mchana walikuwa kwenye kompyuta, usiku walikuwa kitandani na simu.

Dawa yake ilikuwa kuongeza nongona kwenye jedwali kama jina la pili la amri ileile. Mstari mmoja wa msimbo.

Kesho yake asubuhi nikazima `log all`, nikakompaili, nikaiwasha seva upya. Faili la zamani lilibaki kwenye folda yake likiwa na jina 1037.log. Sikulifungua. Lakini nilitaka kujua ukubwa wa nilichokifanya, nikatumia `grep -c`, ambayo haionyeshi mistari bali inaihesabu tu. Mistari inayobeba minong'ono ilikuwa 1,916.

Nilisoma minne. Nilihifadhi 1,916.

## Kisichoandikwa kamwe

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye jedwali la amri kwa shughuli nyingine, nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita mara mia.

Kila amri ndani ya Merc ina alama inayosema iandikweje kwenye logi. Zipo alama tatu. `LOG_NORMAL` huandikwa pale tu mtu anapofuatiliwa au kila kitu kinapowekwa kwenye logi. `LOG_ALWAYS` huandikwa siku zote, nayo imewekwa kwenye amri zenye nguvu, ili anayemfungia mtu asiweze kukana. Na `LOG_NEVER`. Maneno ya amri hiyo hayaandikwi, hata `log all` ikiwa imewashwa.

Nikashuka na jedwali lote kutafuta ni amri zipi zilizopewa `LOG_NEVER`. Kwenye nakala yangu niliikuta mahali pamoja.

Amri ya kubadili nywila.

Nilikaa na ugunduzi huo muda mrefu. Walioandika msimbo huu walijua kabisa kwamba yapo maneno ambayo seva haistahili kuyaweka, hata mwenye seva akiyataka. Walikuwa na jina la hali hiyo na walikuwa wameshaijengea njia. Wakaipa nywila peke yake. Mnong'ono wakauacha kwenye `LOG_NORMAL`, pamoja na kaskazini na tazama.

Siwalaumu hata kidogo. Waliigawa kazi yao bure, na mimi nimekula matunda yake. Lakini nami nilikuwa nimelirithi wazo lao bila kulihoji. Nywila za wachezaji nilizilinda kwa bidii. Mtu anapoiandika, seva yangu hutuma baiti tatu, 255, 251 na 1, zinazoiambia programu yake isiionyeshe kwenye skrini. Kisha neno lenyewe linasagwa kwa `crypt()` kabla ya kuhifadhiwa, hata mimi siwezi kulisoma. Nilikuwa nikijisifia hilo kwa wageni. Na nywila ikivuja, mtu anaibadilisha kwa dakika moja. Jambo uliloliambia sikio moja tu unalibadilishaje?

Nikaenda kwenye mistari miwili, nong'ona na nongona, nikafuta `LOG_NORMAL`, nikaandika `LOG_NEVER`.

Nilidhani nitapumua. Sikupumua.

## Jina la cheo

Katika MUD ya kwanza (ndivyo michezo ya aina hii inavyoitwa), ambayo Roy Trubshaw aliianzisha mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex na Richard Bartle akaiendeleza, mchezaji aliyekusanya pointi za kutosha alipanda hadi cheo ambacho ukikileta kwa Kiswahili neno kwa neno unapata mchawi. Cheo hicho kikarithiwa na seva nyingi zilizofuata, kama jina la wenye madaraka ya seva. Nilipofika hapo kwenye tafsiri nilikwama. Kwetu mchawi hajawahi kuwa cheo. Ni shutuma. Hakuna anayepokea jina hilo kwa furaha akajitambulisha nalo mlangoni.

Nikachagua mlinzi. Nilifurahia neno hilo, lilikuwa na heshima na halikuwa na makelele.

Baada ya usiku ule likaanza kunichoma. Mchezaji akiniandikia "Mlinzi, shikamoo" nilijiuliza namlinda na nani. Mtu pekee aliyekuwa amesikiliza mlangoni pao nilikuwa mimi. Na lile neno nililolikwepa, mtu anayezunguka usiku katika nyumba za wenzake bila wao kujua, ndilo lililoeleza vizuri zaidi nilichokifanya.

Katika siku hizo niliifikiria sana LambdaMOO. Ilikuwa seva ya maandishi iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 kwenye maabara ya Xerox PARC, na ikawa mji. Desemba 1992 Curtis aliwatangazia wakazi kwamba walio na madaraka ya seva watabaki mafundi tu. Ugomvi wa watu wautatue watu wenyewe. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliyaona ni unyenyekevu mzuri. Mwaka uliofuata mchezaji mmoja aliwadhalilisha wengine hadharani kwa maneno machafu, wakazi wakajadiliana wasifikie uamuzi, na mwishowe mmoja wa wenye madaraka akamfuta mhusika kwa mkono wake. Curtis akaleta utaratibu wa maombi na kura. Mwaka 1996 wenye madaraka wakatangaza kwamba wameacha kudai kuwa hawaamui mambo ya watu.

Zaidi ya miaka mitatu ya kujaribu kuwa fundi tu.

Nilikuwa nikijiambia kisa hicho ni cha watu wengi, seva kubwa, maelfu ya wakazi. Mimi nina watu thelathini na kitu wanaoingia mara kwa mara. Nikaja kuona kwamba mimi nilikuwa nimejiita fundi kwa namna mbaya kuliko yao. Wao walijiondoa kwenye maamuzi wakasema. Mimi niliwasha amri moja kama fundi, kwa nia ya fundi, na nikawa nimeamua kwa niaba ya watu thelathini kwamba siri zao ziandikwe.

## Anayenyanyaswa atasema nini

Hapa ndipo shaka ilipokuwa nzito kuliko penginepo.

Ukishaweka `LOG_NEVER` kwenye mnong'ono, umemfungia mlango pia mtu anayetukanwa kwa kunong'onezwa. Nimewahi kumfukuza mtu kwa hilo. Alimwandama mchezaji mmoja chumba hadi chumba, mbele za watu mpole, sikioni uchafu. Siku ile ushahidi ulikuwa nakala ya skrini. Lakini nakala ya maandishi mtu yeyote anaweza kuitunga kwa dakika mbili. Kama aliyefukuzwa angekana, ningeshika nini?

Nililigeuza jambo hili kila upande. Kuhifadhi yote na kuapa sitasoma? Kiapo changu kilikuwa kimeshavunjika kabla sijakitoa, na kwa bahati mbaya tu, bila hata ubaya. Kuhifadhi yote kwa siku mbili kisha kufuta? Ni faili lilelile lenye umri mfupi. Kumwachia mchezaji mwingine ufunguo? Ningekuwa nimeongeza msikilizaji.

Kilichonitoa hapo ni kuuliza mnong'ono ni wa nani. Ni wa wawili, aliyesema na aliyesikia. Kila mmoja wao ana haki ya kuutoa nje. Wa tatu hana.

Kwa hiyo nikaandika amri mpya, ripoti. Seva inamwekea kila mchezaji maneno ishirini ya mwisho aliyoambiwa, kwenye kumbukumbu ya muda tu, hayagusi diski. Akiondoka mchezoni yanapotea. Akiandika ripoti akiwa bado ndani, ishirini hayo yanaandikwa kwenye faili yakiwa na saa na jina la aliyeyasema, na yeye anaonyeshwa neno kwa neno kilichotumwa. Ushahidi unatoka kwa aliyeumizwa, na seva ndiyo inayothibitisha kwamba haujatungwa.

Nikaondoa pia `snoop`, amri inayomwezesha mlinzi kuona skrini ya mchezaji kana kwamba ameketi nyuma yake. Imo tangu DikuMUD. Sikuwahi kuitumia, na nilipoifuta nilishangaa jinsi nilivyosita kabla ya kubonyeza.

Bado si ngome. Aliye na ufunguo wa mashine anaweza kuchungulia kumbukumbu ya programu ikiwa inaendeshwa. Na telneti, njia ambayo programu za wachezaji huongea na seva, kama ilivyowekewa kanuni mwaka 1983, inapitisha kila herufi wazi, kwa hiyo yeyote aliye njiani kati ya mchezaji na seva anaweza kuisoma. Nimeweka `stunnel`, programu inayoyafunga mawasiliano yasisomeke njiani, mbele ya mlango wa pili, na wanaotumia Mudlet, programu ya kuchezea, wanaingia kwa njia iliyofungwa. Wengine bado wanapita mlango wa zamani. Siwezi kuwafukuza kwa sababu programu zao hazijui njia nyingine, lakini sasa skrini ya kuingilia inawaambia waziwazi.

## Tangazo

Marekebisho yote haya niliyafanya kimya.

Huo ndio ukweli, na ndio sehemu inayoniuma zaidi ya mistari minne. Kwa karibu wiki tatu nilijenga kinga moja baada ya nyingine, huku wale walioumizwa wakiendelea kunong'ona mnarani bila kujua kwamba kuna cha kuwakinga. Nilijiambia nikimaliza kila kitu ndipo nitasema, niwe na la kuwaonyesha.

Rasimu ya kwanza ya tangazo ilisema kulikuwa na "hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa kumbukumbu". Niliisoma kwa sauti. Hapakuwa na hitilafu. Mfumo ulifanya nilichouagiza.

Nikaifuta, nikaandika upya kwa nafsi ya kwanza. Niliwasha, sikuzima, siku kumi na moja, minong'ono 1,916, nilisoma minne. Niliondoa pia ile mistari ya nyota ambayo kwa kawaida huizungushia matangazo, maana wapo wachezaji wangu wasioona, programu zao zinawasomea skrini kwa sauti, na hawakustahili kuusikia ujumbe huu baada ya nyota arobaini zinazotajwa moja moja.

Lakini wale wawili sikutaka walijue kwenye ubao pamoja na wengine. Niliwaandikia barua za ndani ya mchezo kwanza, kila mmoja yake. Mmoja hajajibu hadi leo, na sijamwuliza.

Mwingine alinijibu usiku uleule, na maneno matano: "Njoo mnarani, nipo peke yangu."

Nikapanda. Hakunisalimia.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mistari minne. Nilipoelewa ninachokisoma nikafunga."

Akanyamaza. Katika mchezo wa maandishi ukimya hauna uso. Kuna alama ya kusubiri tu, inapepesa, na hujui kama mtu analia, anafikiri, au ameondoka.

"Faili bado lipo?"

"Lipo. Sikutaka kulifuta kabla hujajua."

"Lifute nikiwa hapa."

Nikafungua terminali. Nikaandika `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, nikambandikia jibu: 1036.log, 1037.log, 1038.log. Nikalifuta la katikati, nikaandika `ls` tena, nikambandikia. 1036, 1038.

"Na nakala za usiku?"

Mikono yangu ilisimama juu ya kibodi.

Kila usiku saa tisa seva inajinakili kwenye mashine nyingine, folda yote, na nakala zinatunzwa siku sitini. Niliandika utaratibu huo mwenyewe na hata nimewahi kuwatangazia wachezaji, wasiogope kupoteza vitu vyao. Kwa majuma matatu niliyokuwa nikijenga kinga sikulikumbuka hilo hata mara moja. Yeye alilikumbuka kwa sababu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Sikuzifikiria," nikamwambia. "Nisubiri."

Nakala zenye faili lile zilikuwa thelathini na moja. `tar`, programu niliyofungashia nakala hizo, haiwezi kuondoa faili ndani ya kifurushi kilichobanwa, kwa hiyo kila kimoja ilibidi nikifungue, niondoe, nikibane upya, nikihakiki. Nilianza na kile cha kwanza kabisa. Kila nilipomaliza kimoja nilimwandikia namba yake na orodha ya logi zilizobaki ndani. Hakuwa akijibu. Nilijua yupo kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliomo chumbani.

Kwenye cha kumi na tisa aliandika.

"Nimeona. Mimi nalala. Malizia."

Nilimaliza kukikaribia alfajiri. Nikamwachia barua yenye namba zote, moja hadi thelathini na moja.

Tangazo la watu wote likatoka asubuhi hiyo. Wachezaji wawili wameondoka na hawajarudi. Mmoja alisema anaondoka na kwa nini, na hoja yake ilikuwa ya haki. Aliniambia kwamba kinga zote nilizoziweka ninaweza kuziondoa usiku wowote na hakuna atakayejua. Nimeuweka msimbo wa seva hadharani tangu hapo, ili kila mtu aweze kuusoma, lakini hilo halimjibu kikamilifu. Anayesoma msimbo uliowekwa hadharani hana njia ya kuona kwamba ndio unaoendeshwa.

Juzi taa ya mnara ilizimika. Mafuta yake yanaisha kila baada ya siku kadhaa za mchezo na mara nyingi hujazwa na yeyote anayepita, lakini safari hii hakuna aliyepita. Nikapanda na chupa. Walikuwa wawili, wale wale, kwenye chumba cha juu, gizani.

"Karibu, mlinzi," mmoja akasema.

Nikajaza mafuta, nikawasha taa, nikaandika c, nikashuka.

Logi ya usiku huo inaonyesha waliingia saa nne na dakika kumi, na waliondoka saa saba kasoro. Katikati hakuna kitu.